Mrejesho: krenki na usukani wa baiskeli ya zamani

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuondoa mikwaruzo kwenye krenki (mikono inayoshika pedeli) za aluminiamu na kutu kwenye usukani wa kromu wa baiskeli ya zamani. Asanteni sana mliojibu.

Krenki zimetoka safi kabisa. Nilifuata ushauri wa msasa wa maji: namba 400, 800, 1500, nikamalizia na 2000, halafu polishi ya chuma kwa kitambaa laini. Siri ni ile mliyosisitiza: kila namba unasugua kukatisha mistari iliyoachwa na namba iliyotangulia, na huhami mpaka mistari hiyo iishe. Kitambaa kitatoka cheusi tii, msishtuke. Alama moja ya kina karibu na tundu la pedeli nimeiacha. Kuifuta kungekula chuma kingi mahali panapobeba nguvu.

Usukani umekubali nusu tu. Foili ya aluminiamu iliyoloweshwa maji imeondoa kutu ya juu vizuri mno, lakini palipobanduka kromu pamebaki madoa. Hapo polishi haisaidii, ni kupaka kromu upya. Kwa sasa nimepaka nta.

Na aliyenikataza kugusa kromu kwa msasa, ubarikiwe sana. Tabaka lile ni jembamba mno.