MJADALA: Baada ya dhahabu ya Simbu, hela iendelee kwenda mpira au riadha nayo ipewe?

Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Juzi hapa Majengo, Dodoma, tulikaa kwenye kahawa tukabishana mpaka birika likapoa. Swali lilikuwa hivi, tangu Alphonce Simbu abebe dhahabu ya marathoni Tokyo, ile Septemba 15, 2025, serikali iifanyie nini riadha? Jamaa mmoja dereva wa bajaji akasema wazi kabisa hela iende mpira, riadha ni mchezo wa mtu mmoja mmoja, mwenye mbio zake atahangaika mwenyewe. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nilikataa na bado nakataa ila pale sikupewa nafasi ya kumaliza, wacha nimalizie hapa.

Kwanza tukumbushane. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku imeshapita, watu wamelala. Simbu anaingia uwanjani yuko nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, ukiangalia unasema basi huyu Mjerumani ameshachukua, halafu Simbu anamfuata, anamfuata, mpaka wanamaliza pamoja na muda umeandikwa uleule, 2:09:48. Ikabidi iangaliwe picha, tofauti ni sehemu 3 za mia za sekunde! Kilomita 42 na ushee zinakuja kuamuliwa na kifua. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha tangu yaanze 1983. Nilipoamka nikakuta simu imejaa meseji nikalia machozi. Na ni mtoto wa Ikungi, jirani zetu kabisa, ukitoka hapa unapita Bahi, unapita Manyoni, hujaingia Singida mjini umeshafika kwao.

Sasa jamaa hoja yake kubwa ni kwamba Simbu ameshinda bila hivyo viwanja vya riadha mnavyovililia, kwa hiyo havihitajiki. Hii ndiyo inayonichoma zaidi. Hebu angalieni medali zenyewe. Olimpiki tunazo mbili tu mpaka leo, zote za fedha na zote Moscow 1980, Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000. Mbio za uwanjani hizo. Bayi huyohuyo 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.2, ya uwanjani pia. Njoo sasa mashindano ya dunia, tunazo tatu: Christopher Isegwe fedha Helsinki 2005, Simbu shaba London 2017, na hii ya Tokyo. Zote tatu marathoni! Dada yetu Magdalena Shauri kawa wa tatu Berlin 2023, marathoni tena. Hivi hamjiulizi kwa nini? Kwa sababu barabara ndiyo kitu pekee mtoto wa huku anachokikuta kipo tayari, imejengwa kwa ajili ya mabasi na malori na yeye anakimbilia pembeni. Mita 1,500 utajifunzia wapi kwenye lami? Kuruka maji utajifunzia wapi? Kwa hiyo tusiseme viwanja havihitajiki, tuseme tumebaki na mbio moja ambayo haihitaji uwanja, zile nyingine tumezipoteza na vijana wake tumewapoteza.

Mimi nimekimbia UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, nikiwa darasa la sita. Njia zimechorwa kwa majivu, tuko peku, kona ya pili kuna mizizi ya mbuyu unairuka. Kulikuwa na binti mmoja wa Kigogo, kwenye mazoezi alikuwa anatuacha hata sisi wavulana. Akashinda, akapewa madaftari na sabuni, akarudi kijijini na hakuna mtu mzima yeyote aliyeuliza yuko wapi mwaka uliofuata. Huwa namfikiria sana.

Mzee mmoja pale kahawani akaleta jeshi, akasema jeshi linatosha. Ni kweli Simbu ni askari wa JWTZ, Bayi alikuwa jeshini, na Juma Ikangaa mzaliwa wa hapahapa Dodoma, aliyeshinda New York 1989 kwa 2:08:01 na kuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, naye mwanajeshi. Nalishukuru jeshi, linampa mkimbiaji mshahara na muda wa mazoezi. Lakini linampokea ameshakuwa mtu mzima, yule binti wa miaka 12 jeshi halimjui.

Mpira siuchukii, mimi Yanga damu damu. Ila mwaka 2023 Rais alitangaza milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kimataifa, nchi nzima tukashangilia, na viwanja vinajengwa kwa jina la AFCON 2027. Sijasema vivunjwe. Nasema goli moja tu lingewavisha viatu watoto wa shule kadhaa.

Kuna hoja moja nawapa, kwamba Dodoma haina mwinuko wa kutosha, mita 1,100 hivi, ndiyo maana wakimbiaji wanakwenda kuweka kambi Arusha. Sawa. Basi tuweke Singida, kule ni kama mita 1,500, na watoto wa Dodoma wapande basi, ni masaa machache tu. Uwanja mmoja wenye tatani (ile sakafu ya mpira ya kukimbilia), makocha wawili wenye mshahara unaoingia kila mwezi, na kila mtoto anayeshinda UMITASHUMTA mikoa hii miwili jina lake liandikwe na afuatwe mpaka amalize sekondari.

Yule jamaa wa bajaji nimeshamtumia hii. Namuomba anijibu kitu kimoja tu, tangu 1980 medali yetu ya Olimpiki ya mbio za uwanjani iko wapi, na asinipeleke kwenye Simba na Yanga.