Ukarani ofisi ya msaada wa kisheria, lazima uwe umesoma sheria?

MwanaLikoni: Jamani nataka kuomba ukarani ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria hapa Mombasa, nina cheti cha kompyuta na kutaipu niko sawa, sasa sheria sijasoma, nijaribu tu?

Kibokoni: Sheria waachie mawakili yakhe. Karani ni kufungua faili, kupokea watu, kujua kesi ya nani iko lini, na wajao pale ni wale Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imewataja, wasio na uwezo, watoto, wakimbizi, hivo Kiswahili chako chatosha kukubeba

DadaKisauni: Good conduct, ile cheti ya polisi kuwa huna rekodi ya makosa, anza sasa mdogo wangu, waomba eCitizen, mtandao wa serikali, halafu alama za vidole Huduma Centre pale Posta. Na atakayekuitisha pesa ya fomu, mblock!!

MwanaLikoni: Shukran dada, kesho niko Posta