Tupeane uzoefu: wazo la bustani yako ulilitoa kwa nani?

Mchanga wa Kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Wanaopita kwangu huniuliza haya mambo nimejifunzia wapi, na jibu langu ni moja: kwa majirani. Karibu kila kinachoota uani kwangu nilikiona kwanza kwa mtu mwingine, nikabisha hodi, nikauliza, nikaondoka na mche au mbegu au maelezo.

Nafungua uzi huu kwa sababu naona wengi wetu tunajaza simu picha za bustani za nchi za baridi, maua ambayo hayawezi kumaliza wiki kwenye jua la Pwani, halafu tunakata tamaa na kumwaga zege uwanja mzima. Inaniuma kuona hivyo. Bustani ya kuiga ni ya mtu mwenye jua lako, maji yako na udongo wako, na mara nyingi yuko nyumba ya tatu kutoka kwako.

Naanza mimi. Sehemu kubwa ya Kigamboni ni mchanga. Unamwagilia asubuhi, ikifika saa sita hakuna unyevu. Kuna mzee mtaani kwetu ambaye migomba yake ilikuwa ya kijani hata kiangazi, nikamfuata. Akanionyesha siri: makumbi ya nazi. Anachimba shimo linalomfika magotini, chini anapanga makumbi, upande wa ndani ukiangalia juu ili yakinge maji. Anarudishia udongo kidogo wenye samadi, anapanga safu nyingine, na nyingine. Juu kabisa ni udongo na samadi ya ng'ombe iliyooza, ndipo anapanda. Makumbi mabichi hatumii. Anataka yaliyonyeshewa masika nzima, kwa sababu mabichi yana chumvi na ukakasi unaosumbua mizizi.

Nimefanya hivyo kwa mipapai, migomba na bamia. Bamia nilizokuwa nazimwagilia asubuhi na jioni sasa zinaruka siku bila kunyauka. Makumbi yenyewe nayapata bure kwa wauza nazi, wanafurahi ukiwaondolea.

Karibuni. Tuambieni mko wapi, wazo mlilitoa kwa nani na linafanyikaje. Picha tunazipenda, ila vipimo na maelezo ndivyo vitakavyomsaidia mtu kuanza kesho.

Mama wa Gunia, Nairobi

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mpangaji, na kwenye ploti yetu hakuna hata kipande cha udongo, ni saruji na mtaro. Wazo langu lilitoka kwa mama jirani nilipokuwa nikiishi Kibera. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu wengi pale walifunzwa kulima mboga kwa magunia, naye akatufunza sisi bila kuitisha chochote.

Unachukua gunia la kilo 90 na kopo kubwa la kilo mbili lililotolewa kitako. Udongo changanya na samadi, sehemu mbili kwa moja. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungusha udongo pembeni mpaka ufike juu ya kopo, kisha vuta kopo taratibu, kokoto zibaki. Weka tena kopo juu ya zile kokoto, endelea hivyo mpaka gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati, na maji ukimwaga pale yanashuka hadi chini badala ya kukaa juu tu. Toboa mashimo ubavuni kwa kupishana, yasifuatane kwa mstari mmoja, upande miche ya sukuma na spinachi. Juu weka vitunguu au nyanya mbili.

Amua mahali kabla ya kujaza. Zunguka ploti asubuhi na alasiri uone jua linafika wapi, kwa sababu gunia likishajaa halihamishiki. Maji nanunua kwa mtungi, kwa hivyo natumia yale ya kuoshea mchele na mboga. Watoto wangu hawajawahi kukosa sukuma mwisho wa mwezi tangu nianze, na mwisho wa mwezi ndipo nilikuwa nikiumia zaidi.

Fundi Seremala

Mama wa Gunia, shikamoo. Gunia la katani au la nailoni?

Mama wa Gunia, Nairobi

Marahaba mwanangu. La katani linaoza upesi, udongo unakumwagikia. La nailoni linakaa zaidi, ingawa jua hulipasua baada ya muda. Likianza kupasuka usingoje, mwaga udongo, ongeza samadi mpya, hamia gunia jingine.

Binti wa Kihamba

Mimi kwetu ni Old Moshi, naishi Dar, kiwanja cha kawaida tu cha mtaani. Mwalimu wangu ni bibi, lakini ilinichukua muda kuona kwamba kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, ni wazo ninaloweza kulihamishia mjini.

Aliyewahi kuingia kihambani anajua: juu kabisa ni miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanapita kwa zamu. Ng'ombe yuko ndani, samadi yake inarudi kwenye migomba, na majani ya migomba yanarudi kwa ng'ombe. Hakuna mahali jua linapiga udongo mtupu.

Kwa hiyo mjini nilijiuliza: ngazi zangu ni zipi? Juu nikaweka mwembe mmoja. Migomba nikaipanda yanakotokea maji ya bafuni, inayapenda. Magimbi yakakaa hapohapo penye unyevu. Pembeni jua linapochungulia nikapanda tembele na mchicha, na ukutani pesheni kwenye kichanja. Kahawa niliiacha, Pwani joto ni kali mno kwake. Maji ya sabuni nayapeleka kwenye mashina ya migomba tu, kwenye majani ya mboga siyamwagi.

Bibi alinisisitizia kitu kingine. Kwenye shina la mgomba bakiza watatu: mama anayezaa, binti anayefuata, na mjukuu. Wengine wang'oe au wagawie majirani. Watu wengi mjini wanaacha machipukizi kumi yanabanana, halafu wanasema udongo mbaya kwa sababu mikungu ni midogo. Mpaka wa kiwanja nimepanda masale, kama kwetu.

Mnazi wa Muscat

Binti wa Kihamba, umenigusa sana. Mie niko Oman, wazazi walitoka Unguja. Huku mashamba ya zamani yamepangwa kwa ngazi vilevile: mitende juu, chini yake ndimu, ndizi na miembe, chini kabisa majani ya mifugo na mboga. Maji yanakuja kwa falaj, mfereji unaogawiwa kwa zamu za saa, sawa na huo mfongo wenu. Mifereji mitano ya aina hiyo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006.

Mzee mmoja mwenye shamba nje ya mji ndiye aliyeniambia niache kupigana na jua. Msimu wa bustani huku unaanza Oktoba hadi Aprili, na Juni joto linapita nyuzi 40. Kwa hiyo nyanya, bilingani na kotmiri napanda baridi ikianza. Kiangazi nabaki na mchicha na bamia chini ya kivuli cha mtende, na wavu wa kivuli juu ya vyungu. Mbegu ya mchicha nililetewa na shangazi kutoka Unguja, na nimeshawagawia majirani wanne wa Kiswahili.

Waliofika Salalah watakwambia kule ni dunia nyingine. Mvua za khareef zinashuka kati ya Juni na Septemba, na minazi, migomba na mipapai imejaa barabarani. Anayetamani bustani ya Unguja akiwa Oman, akatazame ya watu wa kule.

Nchi Kavu, Dodoma

Huku kwetu maji ndiyo kila kitu. Wazo langu limetoka kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, na lilibuniwa na mkulima, siyo ofisi. Vishimo vyenyewe vinaitwa kwa jina la kijiji. Unachimba kishimo cha upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30, kimoja hadi kingine sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Ndani unaweka majivu kidogo kuzuia mchwa, samadi, na mabaki ya mazao, unafukia bila kujaza kabisa ili kibaki kibonde. Mvua ikinyesha hata kidogo, maji yanakusanyika pale penye mbegu badala ya kukimbia.

Wao hutumia kwa mtama, uwele na mahindi. Mimi nimeleta nyumbani kwa kunde, maboga na mlenda. Mvua zikikatika wiki mbili, vya kwenye vishimo vinabaki vimesimama. Faida nyingine: kazi ya kuchimba unaifanya kiangazi wakati huna kazi nyingine ya shamba, mvua ikija wewe ni kupanda tu.

Goma Juu ya Mawe

Jambo sana wandugu. Hapa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, sehemu zingine ni lava ya 2002, ukipiga jembe linalia tu. Mama mmoja wa avenue yetu alizungusha mawe yenyewe kama ukuta mfupi wa magoti, ndani akajaza udongo alioleta kwa mifuko, kidogo kidogo, pamoja na takataka za jikoni zilizooza. Sasa anavuna lengalenga (mchicha) na vitunguu. Sisi wote tumemufuata. Mawe tuliyokuwa tunayalaani ndiyo yanashika udongo usiende na mvua.

Bi Asumini, Unguja

Asalaam aleikum. Nyote mwasema mboga, na mboga ni jambo jema, lakini ua la nyumbani lataka harufu pia. Mie wazo langu nimelitoa kwa mamake somo yangu, Mji Mkongwe. Hana kiwanja, ana ua wa ndani tu, na ndani ya vyungu ana kila kinachoingia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya harufu wanachojipamba wanawake: asumini, mrehani, na mawaridi. Mkadi na kilua vyataka nafasi, hivyo aliviagiza shamba. Nikasema na mie nitapanda kikuba kizima kibarazani.

Asumini usihangaike kununua. Muombe mwenye nao akulazie tawi: tawi la chini lakwaruzwa ganda kidogo upande mmoja, lalazwa kwenye udongo, lawekewa jiwe lisiinuke, latiwa maji. Baada ya wiki kadhaa lina mizizi yake, lakatwa, laja kwako. Hivi ndivyo ulivyosambaa mtaa mzima, nyumba hadi nyumba. Matumba yachumwe alasiri yangali yamefumba, yafumbuke usiku yakiwa tayari kwenye kikuba. Mrehani ukate vikonyo vya maua mapema, utazidi kutoa majani.

Sasa wanawake wa mtaani huja kwangu siku ya harusi kuchuma. Baadhi hulipa, wengine huniletea mche.

Kijana wa Tegeta

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi. Mimi wazo nilitoa kwenye video ya mtu wa Ulaya, ngazi za mbao za kupangia vyungu ukutani. Zinaokoa nafasi kweli.

Mchanga wa Kigamboni

Kijana wa Tegeta, nakubali, wazo linaweza kutoka popote. Ila tuambie, mbao kwa Dar na mchwa?

Kijana wa Tegeta

Jirani aliniambia hilo kabla sijapigilia msumari, akanishauri nijenge ngazi kwa tofali za bloku bila kuzijengea na saruji, zinapangwa tu. Juu yake naweka madumu ya lita 20 niliyoyapasua kwa urefu na kuyatoboa chini. Mchwa hapati kitu, na nikihama nahama nazo.

Bwana Shamba Mstaafu

Niongeze sehemu moja ya kupata mawazo ambayo watu wa bustani ndogo wanaidharau: vipando vya Nanenane, maonyesho ya wakulima. Nzuguni kule Dodoma, Themi kule Arusha, Morogoro, Mbeya, kote kuna vipando vilivyopandwa kwenye udongo wa eneo hilo. Nendeni siku za mwanzo, kabla ya umati wa tarehe 8 Agosti, mpate muda wa kuzungumza na aliyepanda. Andikeni jina la aina. Ukisema "niliona nyanya chungu nzuri" duka la pembejeo halikusaidii, lakini ukisema DB3 au Tengeru White utaeleweka. Mnavu upo Nduruma na Olevolosi, majani mapana, umetokana na kazi ya watafiti wa mboga kule Arusha. Mbegu za aina hizi unaweza kutunza mwenyewe na kumgawia jirani. Chotara za F1 usitunze mbegu zake, kizazi kinachofuata hakitafanana na ulichokipenda.

Mama Wawili, Morogoro

Bwana Shamba, nyanya mbegu zake natunzaje? Zangu huota ukungu.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama, chagua tunda lililoiva kwenye mche wenye afya. Kamua mbegu na utelezi wake kwenye glasi yenye maji kidogo, acha siku mbili hadi tatu mpaka utelezi uchachuke na kuachia. Osha kwa maji safi, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini kwenye sahani, karatasi huganda nazo. Zikikauka kabisa weka kwenye chupa yenye kifuniko. Ukungu wako ni unyevu uliobaki ndani.

Mchanga wa Kigamboni

Asanteni sana, uzi umeshiba. Vuli inakaribia, nami natafuta mbegu za mgagani uliozoea Pwani. Makumbi nitatoa kwa yeyote wa Kigamboni aje na mkokoteni.

Binti wa Kihamba

Mgagani ninao, maganda yameanza kukauka sasa hivi. Ila mbegu mpya za mgagani hulala, ukizipanda leo nyingi hazioti, zataka kukaa miezi mitatu hadi sita. Nina nilizovuna mwanzoni mwa mwaka, hizo ndizo nitakupa za vuli. Jumamosi navuka na kivuko, nitakuja na kiroba kitupu cha makumbi nirudi nacho kimejaa.