Tupeane uzoefu: magari na boda zinazotembea bila taa jioni, wana Kusini mmekutana na nini?

Wakuu habari za jioni. Hii mada nimekaa nayo toka Oktoba, leo nimeona niitoe maana juzi nusura yajirudie yaleyale.

Nilikuwa natoka Lindi narudi Mtwara, nimeshaiacha Mikindani, saa kumi na mbili na nusu hivi, jua limezama muda si mrefu. Mbele yangu lori la korosho limesheheni linajikongoja, mnajua msimu ukifunguliwa barabara yetu inavyokuwa. Nikachungulia, peupe kabisa, nikawasha indiketa nikatoka. Ile nafika usawa wa tairi zake za nyuma naona kitu kama kivuli kinakuja, gari ya silva, haina taa hata moja, rangi yake na lami kitu kimoja. Nikarudi nyuma ya lori sijui hata nilirudije, akapita na saiti mira yangu, na dirisha nilikuwa nimeshusha, vipande vya kioo vikanimwagikia mapajani.

Tukasimama wote. Mzee wa makamo, mstaarabu tu, kilevi hajagusa. Akaniambia, "Kijana wangu mbona bado kweupe, mimi nilikuwa nakuona vizuri." Na hakudanganya. Yeye alikuwa anatoka mjini anaelekea Mikindani, uso wote umetazama magharibi, mbele yake anga bado jekundu. Mimi natazama mashariki, kule giza linakoanzia. Barabara ileile, dakika ileile, kwake jioni kwangu usiku. Nimeliwaza hilo siku nyingi sana. Yeye taa anaihesabu kuwa ni ya kumsaidia yeye aone, na kwa vile anaona basi hana kazi nayo, kumbe mwenye shida na taa yake nilikuwa mimi.

Na giza la kwetu halina subira, jua likishazama hesabu kama dakika 20 tu hutofautishi mtu na mti. Haya, nyie je? Semeni ukweli, hata kama wewe ndio ulikuwa huna taa.

Boda wa Magomeni
Mkuu mimi ndio nilikuwa sina taa. Nilipoanza kazi kaka aliyenikabidhi pikipiki aliniambia zima taa mpaka giza liingie kabisa, globu zinaungua bure na bosi hatoi hela ya globu. Nikashika hivyohivyo. Siku moja karibia magharibi watoto wanatoka madrasa, mmoja akakatiza mbele yangu mbio, nikafunga breki pikipiki ikalala, mpini ukampitia mtoto mguuni. Alhamdulillah alichubuka goti tu. Nilimbeba mwenyewe mpaka hospitali, juzuu yake nimeipakata, kandambili moja imebaki barabarani. Njiani akawa analia ananiambia "kaka sikukuona, nilisikia mlio nikajua uko mbali." Mtoto aliangalia kabla ya kuvuka wakuu. Aliangalia kabisa ila hakuona kitu. Siku hizi kuanzia saa kumi na moja taa yangu inawaka, na globu hiyohiyo ipo mpaka leo.

Mama wa Mtanda
Pole mdogo wangu, na Mungu akulipe kwa kumpeleka hospitali, wengi wanakimbia. Mimi huku Lindi natembea kwa miguu kutoka sokoni kila siku, hao wasiowasha taa mimi nawajua kwa upepo, nguo inapepea ndio najua gari imepita.

Fundi waya
Nichangie kwa upande wa kazi. Wateja wananiambia taa inamaliza betri. Gari ikiwa inanguruma umeme unatoka kwenye dainamo, betri yenyewe inachajiwa. Globu mbili za dimu, zile taa kubwa za mbele zikiinamishwa, ni kama wati 110, na dainamo ya gari ndogo tu inatoa wati 700 na kuendelea, sasa itaishiwa vipi? Labda dainamo yenyewe mbovu, na hapo ulete gari.

Wengine wanawasha paki, zile taa ndogo, wanasema si nimewasha. Globu ya paki ni wati 5, dimu 55. Hiyo paki imewekwa kwa gari iliyosimama.

Lingine linalowaponza hata waangalifu, gari nyingi za siku hizi dashibodi inawaka muda wote. Zamani ukiona dashibodi giza unakumbuka taa, sasa mtu anaona namba zinang'aa anajua taa zipo, kumbe nje giza totoro. Na zile zenye taa ndogo za mchana, mbele zinawaka lakini nyingi nyuma hamna kitu, anayekufuata hakuoni. Simama siku moja, shuka, zunguka gari yako uangalie.

Utingo wa makaa
Sisi tunaoshusha makaa ya mawe bandarini Mtwara shida yetu ni gari zilizoharibika. Kati ya Mangaka na Masasi tulikuta tela imekufa jioni, hamna taa, hamna pembetatu, matawi yamekatwa yakawekwa hatua kumi nyuma yake. Hatua kumi! Kwa spidi 80 unatembea mita 22 kila sekunde, ukiona majani umeshafika. Dereva wetu aliingia porini, Mungu alisaidia hapakuwa na korongo. Na wakiondoka, mawe waliyozuilia tairi wanayaacha palepale, anakuja mwendesha baiskeli usiku anayavaa.

Mwanzisha mada
Asanteni, nimesoma yote. Ya huyo mtoto imeniumiza.

Swali langu, mnawaambiaje mkipishana? Mimi nikimpiga ful, yaani nikimmulika na taa kali, anajua namwambia kuna trafiki mbele, anapunguza mwendo, anavuta mkanda, anaendelea na giza lake.

Boda wa Magomeni
Mkuu usipige ful. Zima taa yako washa, zima washa, polepole mara mbili, halafu toa mkono nje ufumbe na kufumbua vidole. Jana pale kona ya Mikindani nimemfanyia mwenye kirikuu kabeba samaki, akanitazama, akawasha.