Kadi ya mtandao inapotea kwenye seva: nibadili draiva, nizime ASPM, au ninunue kadi nyingine?

Himbi_Net (Goma)
Habari zenu wakubwa. Nina seva ya Debian 12 ya ofisi, inagawa faili na kutunza nakala za usiku. Siku hizi kadi ya mtandao inapotea mashine ikiwa kazini. Taa za mlango zinazimika, `ip link` inabaki na `lo` (mtandao wa ndani ya mashine yenyewe) peke yake. Nikipiga `reboot` hairudi. Nikichomoa kabisa waya wa umeme na kungoja kidogo, inarudi kama kawaida. Kadi ni ile ya ubaoni, draiva ni `r8169`. Ninapima njia tatu: kuhamia `r8168` (draiva ya Realtek, watengenezaji wa chipu, wenyewe), kuzima ASPM (usingizi wa kuokoa umeme kwenye PCIe), au kununua kadi, ya PCIe (inayochomekwa ubaoni) ama ya USB. Naomba mnilinganishie kabla sijaomba dola kwa mkubwa wa ofisi.

Kadutu_Seva (Bukavu)
Kaka, usichague dawa kabla ya kujua ni nini hasa kimepotea. `ip link` inaonyesha tu kile ambacho draiva imekishika. Kadi ikipotea tena, usiwashe upya. Toa `lspci -nnk` kwanza. Kadi ikionekana pale lakini haina mstari wa "Kernel driver in use", tatizo liko kwenye draiva au keneli (kiini cha Linux). Ikiwa haionekani kabisa, au inaonekana na alama za ajabu, ni basi ya PCIe (njia inayounganisha kadi na mashine) au umeme. Na kama umeshawasha upya, `journalctl -k -b -1` itakupa ujumbe wa keneli wa mara iliyotangulia.

Himbi_Net (Goma)
Imepotea tena leo mchana. `03:00.0` ipo, lakini mwishoni imeandikwa `rev ff`, na nikiongeza `-v` inasema `!!! Unknown header type 7f`.

Kadutu_Seva (Bukavu)
Basi imejulikana. Keneli inaiuliza kadi, inapata `ff` tupu, maana yake kadi haijibu kwenye basi. Hapo kuondoa draiva kwa `modprobe -r r8169` na kuirudisha hakutakusaidia. Jaribu hivi ukiwa mbele ya mashine:
`echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove`
`echo 1 > /sys/bus/pci/rescan`
Ikirudi, una njia ya kuokoa siku bila kuzima seva. Isiporudi, ni kuchomoa waya tu.

Kuhusu `r8168`, mimi naiweka mwisho. Inaweza kusaidia, kwa sababu inashughulikia usingizi wa kadi kwa namna yake, lakini inajengwa upya kwa DKMS (zana ya kujenga draiva zisizo ndani ya keneli) kila keneli inapobadilika. Siku hedazi (faili za kujengea draiva) za keneli mpya hazipo, unawasha upya na seva haina mtandao wa kupakulia hizo hedazi. Ukiitaka, angalia `dkms status` kabla ya kila `reboot`.

Ndosho_Fundi (Goma)
Jirani, mbona hujatuambia habari ya umeme? Mashine ikizimwa bila kuchomoa waya, pawa saplai bado inapeleka umeme wa akiba, na kadi inaula ili iweze kuamshwa kwa mtandao. Ndiyo sababu `reboot` haikuponyi na kuchomoa kunakuponya: kadi iliyoduwaa haijawahi kuzimika kweli. Sasa chunguza saa inapopotea. Kama ni pale mnapohama kutoka umeme wa mji kwenda jenereta, anza na onduleri na betri zake. ASPM hailaumiwi kwa betri iliyokufa.

Himbi_Net (Goma)
Mzee, nimelinganisha na daftari la jenereta. Haifuatani. Inapotea zaidi usiku, mtandao ukiwa umetulia. Nitaweka `pcie_aspm=off` kwenye GRUB (programu inayoiwasha Linux).

Kamalondo_Linux (Lubumbashi)
Hapo watu wengi wanajikwaa, ndugu. `pcie_aspm=off` haizimi ASPM. Inaiambia keneli isiguse mipangilio hiyo, kwa hiyo kama BIOS (programu ya ubaoni) iliiwasha, inabaki imewaka! Unachotaka ni `pcie_aspm.policy=performance`, kisha `update-grub`. Baada ya kuwasha, soma `lspci -vv -s 03:00.0`, mstari wa `LnkCtl` useme `ASPM Disabled`. Kama BIOS yako ina sehemu ya kuzima ASPM, zima na huko pia. Tatizo la usiku, kadi ikiwa haina kazi, linafanana sana na hili. Na ni bure.

Mama_Ibanda (Bukavu)
Mwanangu, fuata la Kamalondo, lakini usikae bila kadi ya pembeni. Kati ya zile mbili, kwa seva mimi nasema PCIe. Kadi ya Intel yenye chipu ya 82574L au i210 inatumia draiva zilizomo ndani ya keneli, `e1000e` na `igb`, hakuna cha kujenga. Ila angalia unanunua wapi, za bandia ni nyingi. Ya USB ni ya dharura: ukiichomeka kwenye USB 2.0 haivuki megabiti 480 kwa sekunde hata kwa karatasi, na nakala zako za usiku zitaburuta. Mimi ninayo moja kwenye droo. Hata simu ya Android kwa waya wa USB inakutoa, inatosha kupakua pakiti.

Himbi_Net (Goma)
Asante mama. `LnkCtl` sasa inasema `Disabled`, na usiku wa jana nakala zimepita zote. Bado naingoja wiki iishe. Kadi ya Intel nimeagiza hata hivyo.

Kamalondo_Linux (Lubumbashi)
Ukiichomeka, kadi ya sasa inayoitwa `enp3s0` inaweza kuamka ikiitwa `enp4s0`, utadhani imepotea upya. Funga jina kwa anwani ya MAC (namba ya kadi yenyewe) mapema, kwenye `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:
`[Match]`
`MACAddress=` anwani ya kadi yako
`[Link]`
`Name=lan0`
Kisha badilisha jina hilo na kwenye `/etc/network/interfaces`, na uendeshe `update-initramfs -u`.