Koili ya wati 2,000 inatoa wati 1,620: kasoro iko wapi?

Mfugaji wa Molo aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Nina ng'ombe wanne wa maziwa hapa Molo, na kila alfajiri huchemsha lita 20 za maji ya kuoshea mikebe kwa koili ya kutumbukiza ndooni, niliyoinunua mjini Nakuru mwezi uliopita. Kibandiko chake kinasema volti 240, wati 2,000. Kwa kuwa maji huchukua karibu dakika 55 kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 78, nilishuku kwamba kibandiko kinadanganya, nikaazima mita kwa jirani yangu anayetengeneza pampu. Koili ikiwa inafanya kazi, soketi ya zizini ilionyesha volti 216, na mkondo ulikuwa ampea 7.5. Nikizidisha napata wati 1,620 tu. Nimekwisha kumtolea mwenye duka maneno makali, naye ameshikilia kwamba koili ni nzima. Je, ukinzani wake unakokotolewaje, na kati yetu nani amekosea?

Mkazi wa Nyalenda, Kisumu:

Umeme wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo hesabu sahihi ni 240 mara 7.5, yaani wati 1,800. Hata hivyo 2,000 hazijafika. Irudishe dukani.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega:

Asirudishe chochote kwanza. Kwa kanuni ambayo Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827, ukinzani ni volti zikigawanywa kwa ampea. Basi koili hii ina 216 kugawanya kwa 7.5, ambayo ni omu 28.8. Sasa tugeukie kibandiko. Mtu akijua volti na wati, hupata ukinzani kwa kuzidisha volti kwa zenyewe, kisha kugawanya kwa wati: 240 mara 240 ni 57,600, na ukigawanya kwa 2,000 unapata omu 28.8 zile zile. Koili ni ile ile iliyoandikwa, na ninahofia kwamba mwenye duka anastahili kuombwa radhi.

Kilichopungua ni volti. Kutoka 240 hadi 216 ni upungufu wa asilimia 10, lakini volti zikishuka mkondo nao hushuka, hivyo nguvu hupungua mara mbili kwa mkupuo mmoja: asilimia 90 ya asilimia 90 ni asilimia 81, na asilimia 81 ya 2,000 ni 1,620. Hata muda wako unakubaliana na hesabu, kwa sababu kupasha lita 20 kwa nyuzi 60 kwa wati 1,620 huhitaji dakika 52 hivi, na zile zilizozidi ni joto linalotoroka ndooni kwenye baridi ya Molo.

Ndugu wa Nyalenda amezidisha vizuri, ila volti alizotumia hazikupimwa kwenye koili. Ikiwa sanduku la fyuzi nyumbani linaonyesha 240 wakati koili inafanya kazi, basi wati 1,800 ndizo zinazotoka nyumbani, 1,620 zinaingia majini, na 180 zinapotelea njiani, ingawa tokeni unalipia zote. Tafadhali pima pale utujulishe.

Mfugaji wa Molo:

Ahsante, Mwalimu. Nimepima: ni volti 240 hata koili ikiwa inafanya kazi. Waya wa kuelekea zizini ni wa shaba, urefu wa mita 40, ukubwa wa milimita mraba 1.5.

Fundi wa umeme, Kondele:

Mzee, usiwashe tena koili hiyo mpaka usome haya. Waya wa shaba wa ukubwa huo una takriban omu 12.1 kwa kila mita 1,000. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80, nazo ni omu 0.97. Lakini njia yako imekula volti 24 kwa ampea 7.5, yaani omu 3.2. Omu 2.2 na ushei hazina mwenyewe.

Ampea kwa ampea kwa omu hutupa wati: 7.5 mara 7.5 mara 2.23 ni karibu wati 125. Joto hilo halikutandazwa kwenye mita 40 za waya. Nina hakika kwamba limekusanyika kwenye kiungo kilicholegea, pahali padogo kama ncha ya kidole, na huenda kiko juu ya nyasi kavu. Zima swichi kuu, umwite fundi mwenye leseni akague kila kiungo na kila skrubu ya soketi. Na mtu asije akaweka mita kwenye omu umeme ukiwa umewashwa. Nimeona mita zikiungua hivyo, na aliyeishika akanusurika kwa bahati.

Mfugaji wa Molo:

Fundi alikuja jana. Chini ya paa la ghala, mita tatu kabla ya zizi, palikuwa na kiungo cha kusokota kwa mkono na kufungwa tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikashikamana na ubao, na ubao wenyewe umekuwa mweusi kiasi cha kiganja. Amekata kipande hicho na kuunga upya ndani ya kisanduku chenye skrubu. Leo asubuhi soketi imeonyesha volti 232, mkondo ni ampea 8.06, nami nimekokotoa wati 1,870 na omu 28.8. Maji yamechukua dakika 47. Mwenye duka nimempigia simu, akacheka sana, kisha akaniuliza kama ninataka kununua waya wa milimita mraba 2.5.

Fundi wa umeme, Kondele:

Ununue, Mzee. Huo una omu 7.4 hivi kwa mita 1,000, kwa hiyo utapoteza volti 5 hivi badala ya 8.