Tupeane uzoefu: kabla hujasaini na menejimenti ya mitandaoni, uliangalia nini?

Mpishi wa Wete: Assalaam alaykum. Mie napika vyakula vya kwetu, natia YouTube na Instagram. Imekuja menejimenti kutoka bara, inataka asilimia 30 kwa miaka mitatu, wanitafutie matangazo. Mkataba wote Kiingereza. Mliowahi kusimamiwa, nambieni mlikutana na nini. "Kuwa makini dada" naomba msiniandikie, hiyo nishaisikia kwa mama.

Kijana wa Paje: Narikodi mahoteli. Yangu ilikuwa asilimia 20, lakini inakatwa juu kwa juu, kabla ya gharama. Hoteli ikilipa milioni moja, wao laki mbili zao kwanza; mafuta ya gari, mpiga picha na mhariri vinatoka kwenye laki nane zangu. Na pesa inapitia kwao. Kuna kazi niliambiwa "mteja bado hajalipa" mpaka nikakutana na mhasibu wa hoteli msikitini, akaniambia walishalipa zamani! Dada, uliza mambo mawili: asilimia ya nini, na mteja akishalipa wewe unalipwa baada ya siku ngapi. Yaandikwe.

Bi Mkubwa wa Chake: Nywila usimpe mtu. YouTube Studio ina sehemu ya ruhusa, unamuingiza mtu kama meneja au mhariri, wewe unabaki mwenye chaneli, mkikosana unamtoa. Wangu walishikilia hawawezi kazi bila nywila. Nikawaonesha hiyo sehemu pale pale kwenye simu. Mpaka leo hawajarudi.
Jengine, AdSense, yaani akaunti ya Google inayokulipa pesa za matangazo ya YouTube, ikiwa yako, ikifika dola 100 unalipwa wewe mwenyewe. Ukikubali chaneli iunganishwe na mfumo wa kampuni, mapato yanaweza kwenda kwao kwanza, wakakugaia wao. Hapo wengi hawapasomi.

Baba Wawili, Michenzani: Msanii ni mwanangu, mie nilikuwa mtu wa makaratasi. Angalia kama wamesajiliwa: kampuni ya Zanzibar nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa hapa, ya bara tafuta BRELA, wakala wa huko. Yule aliyemjia mwanangu alijiita mkurugenzi wa kampuni. Tulichokikuta ni jina la biashara tu, la kuuza vipodozi. (Vipodozi vyenyewe vizuri, mke wangu anavitumia.)
Kampuni ya pili ilikuwa ya kweli, ila mkataba unasema mgogoro uamuliwe Dar es Salaam. Nauli ya boti, pa kulala, wakili wa huko, kwa kudai laki tatu? Tukaomba iwe Zanzibar. Walikubali bila ubishi, nafikiri waliunakili mahali wakabadilisha majina.

Mwanakwerekwe: Waliniletea orodha ya watu wanaowasimamia. Nikamuandikia mmoja. Kumbe walimfanyia tangazo moja tu, hajasaini nao chochote. Tena usiwaulize waliomo peke yao, watafute waliotoka.

Mtembeza Wageni, Nungwi: Jamani si wote wabaya. Mie nnao mwaka wa pili, sijuti. Tulianza na miezi sita ya majaribio. Wanakata kwenye dili walizoleta wao, wateja niliokuwa nao kabla hawawagusi, majina yameorodheshwa nyuma ya mkataba. Khasa faida yangu ni kuwa wanajua kutaja bei. Mie nilikuwa naona haya, nikiahidiwa chakula cha usiku nasema ahsante.

Mpishi wa Wete: Mungu awalipe. Nimewaandikia: mwaka mmoja, tafsiri ya Kiswahili, mapato ya YouTube yasiguswe. Mawili wamekubali, la YouTube wamegoma. Aliyewahi kuvutana nao hapo, walishuka?

Kijana wa Paje: Wangu walishuka nusu: video mpya wanakata, za zamani hawakati. Lakini tazama walivyoandika. Mwanzo iliandikwa "maudhui yote ya chaneli", na mie humo nna mpaka harusi ya dada yangu.